Kutembea kwa Kukosa Nauli, Kutembea kwa Kupenda: Tulivyopanga Siku 11 za Miguu na Mama

Wengi wetu tukisema "likizo" tunamaanisha kitu kimoja tu: tiketi ya Dar, Mombasa au Zanzibar, mabegi mawili ya kilo 23, nusu yake zawadi za watu, halafu wiki tatu za kusalimia ndugu nyumba kwa nyumba. Likizo hiyo ina utamu wake na sina nia ya kuisema vibaya. Lakini ni ghali, inakuja kila baada ya miaka miwili mitatu, na hapo katikati nchi tunayoishi tunaijua kwa stesheni, barabara kuu na maduka makubwa basi.

Baada ya kile kipindi chetu cha likizo za karibu, meseji zenu zilirudia swali moja: hivi ile likizo ya kutembea kwa miguu siku kumi, watu wanalala, wanaamka, wanatembea tena, inapangwaje? Na je, unaweza kwenda na mzazi?

Jibu fupi: unaweza. Mwaka jana mwanzoni mwa mwezi wa tisa, mimi, mdogo wangu wa kiume na mama yetu (ana miaka 58 na goti moja lenye maneno mengi) tulitembea njia ya Ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza, kutoka upande wa mashariki hadi magharibi. Ni maili 84, yaani kilomita 135. Jibu refu ndilo hili. Nimelipanga kwa mfuatano wa maandalizi, kwa sababu safari hii inafaulu au inaharibika ukiwa bado umekaa sebuleni na kalamu.

Neno "gesti" litakuletea matatizo

Anza na lugha. Mdogo wangu alimwambia mama kwa furaha kwamba tutalala gesti tofauti karibu kila usiku. Mama akaweka kikombe mezani. "Gesti? Na nani?"

Kwa mtu aliyekulia Tanzania, gesti ni vile vyumba vya karibu na stendi, na ukionekana unatoka gesti saa nane mchana, mtaa mzima una maoni. Huku kitu chenyewe ni tofauti. Wenyewe wanaita B&B: nyumba ya mtu, mara nyingi mwenyewe anaishi humo humo, ana vyumba viwili vitatu vya wageni, asubuhi anakupikia, chumbani kuna birika la umeme, majani ya chai na biskuti. Mwambie mzazi hivyo hivyo: "Tunalala kwa mama mmoja, anapokea wageni, anatupikia asubuhi." Mama yangu alielewa mara moja, na tangu hapo kila nyumba akaiita "kwa yule mama", hata ile ambayo mwenyewe alikuwa baba.

Kitu kingine cha kumwandaa nacho: wenye nyumba hawa humwita mgeni kwa jina lake la kwanza dakika ile ile anapoingia. Mama hajaitwa jina lake na mtu asiye mkubwa wake tangu anizae mimi. Usiku wa kwanza alininong'oneza, "Huyu ananiita kama tumecheza rede pamoja." Hawana nia mbaya, ndiyo adabu yao. Lakini mzazi akijua mapema haumii.

"Nilitembea ili wewe usitembee"

Hili ndilo jambo kubwa, na ramani haitalitatua.

Mama amezaliwa kijijini karibu na Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Kuanzia utotoni alishuka sokoni na debe la plamu kichwani, miguuni ndala, saa mbili kwenda na saa tatu kurudi, kwa sababu kurudi ni kupanda. Hakuna aliyeiita mazoezi. Watu walitembea kwa sababu hawakuwa na nauli. Nilipomweleza mpango wangu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mimi nimetembea mpaka nikapata nauli ya kuondoka. Sasa wewe unataka kulipa ili utembee?"

Sikuwa na jibu, na nadhani wengi wenu hamtakuwa nalo. Wazazi wetu walikuja huku ili sisi tupande gari. Kumwambia mtu kama huyo kwamba kutembea ni starehe ni kama kumwambia aliyekua anachota maji mtoni kwamba kuna watu wanalipia kozi ya kubeba ndoo.

Kwa hiyo niliacha kubishana, nikamuuliza. Hiyo njia ya sokoni ilipita wapi? Mlipumzika wapi? Akaanza kuhesabu kwa vidole: kwenye daraja la mbao, kwenye mti mkubwa wa mforosadi, kwa mzee mmoja aliyekuwa na kisima, halafu juu, kwenye jiwe bapa. "Hapo tunatua mzigo," alisema kila alipotaja sehemu. Hapo tunatua mzigo.

Neno "kituo" linatoka hapo hapo kwenye kutua. Kabla halijawa kituo cha basi au cha polisi, kituo ni mahali unapoweka mzigo chini. Ile njia ya saa tatu mama hakuwahi kuihesabu kwa kilomita. Aliihesabu kwa vituo vinne. Nikampa ramani yangu na penseli. "Sasa mama, hii ni siku 11. Nionyeshe pa kutua." Tangu jioni ile safari ikawa yake.

Na hiyo ndiyo kanuni ambayo makala yote hii inasimama juu yake: usipange kwa maili, panga kwa vituo, na mwenye kuamua kituo ni yule anayekwenda polepole kuliko wote.

Kwa nini njia hii

Uingereza ina njia nyingi ndefu. Pennine Way ilifunguliwa mwaka 1965, ina maili 268 na ni ngumu. West Highland Way ya Scotland ina maili 96 na ni nzuri sana, lakini kuna sehemu ukichoka huna pa kutokea. Ukuta wa Hadrian una sifa ambayo mwenye goti bovu ataipenda kuliko mandhari yoyote: kuna reli inayokwenda sambamba nao, kati ya Newcastle na Carlisle, yenye stesheni kama Hexham, Haydon Bridge, Bardon Mill na Haltwhistle. Sehemu ya katikati, ambayo ndiyo yenye milima, ina pia basi linaloitwa AD122, kwa kumbukumbu ya mwaka 122 ambapo Kaisari Hadrian aliamuru ukuta ujengwe. Ratiba yake hubadilika kwa msimu, kwa hiyo iangalie kabla hujalipia kitanda chochote.

Mlango wa kutokea ukiwepo, mtu hatembei kwa hofu. Mama hakupanda treni hata siku moja, lakini alijua kila jioni stesheni ya karibu iko wapi.

Njia yenyewe ilifunguliwa rasmi mwaka 2003. Inaanzia Wallsend, mashariki ya Newcastle, na kuishia Bowness-on-Solway, magharibi ya Carlisle. Sehemu ya juu kabisa ni mita 345. Lushoto mjini peke yake ni kama mita 1,400, na mama hakuacha kutukumbusha.

Pima mwendo wenu, sio wa kitabuni

Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, iliyoandikwa mwaka 1892 na Mskoti aliyeitwa William Naismith: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Programu nyingi za ramani kwenye simu hutumia hesabu ya aina hiyo. Ni kanuni nzuri kwa Naismith.

Sisi tulifanya hivi. Jumapili tatu tulikwenda bustani kubwa ya karibu na nyumbani, tukatembea maili 5, na chai ya njiani. Ilituchukua saa mbili na nusu. Kwa hiyo mwendo wetu ni maili 2 kwa saa. Chukua sasa siku yetu ndefu kuliko zote, maili 11: hiyo ni saa tano na nusu za miguu. Ongeza saa mbili za chakula, swala, picha na kubadilisha soksi. Jumla saa saba na nusu. Ukitoka saa tatu asubuhi unafika saa kumi na nusu jioni. Nyumba nyingi zinafungua vyumba kuanzia saa kumi. Imekaa vizuri. Maili 15 kwa siku, kama vitabu vingi vinavyopendekeza, ingetufikisha karibu saa kumi na mbili na nusu, goti limevimba na mama amenyamaza. Mama akinyamaza, safari imekwisha.

Ushauri mdogo kuhusu saa: andika karatasi mbili. Ya mama niliandika kwa saa za Kiswahili, ya mdogo wangu kwa za Kiingereza. Kati ya "saa nne" ya mmoja na ya mwingine kuna saa sita nzima, na basi la kijijini halisubiri tafsiri.

Anza na kitanda kigumu

Watu wengi hubuku usiku wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu. Wakifika katikati wanakuta hakuna nafasi, na mpango mzima unavunjika. Newcastle na Carlisle ni miji, vitanda havikosekani. Shida iko katikati, kwenye majabali, ambako nyumba ni za kuhesabu na watembeaji wote wanataka kulala hapo hapo. Kwa hiyo:

1. Tafuta kwanza kitanda cha Once Brewed, karibu na Steel Rigg. Ukikipata, tarehe zako zote zinajipanga kukifuata.
2. Kutoka hapo rudi nyuma kuelekea mashariki (Chollerford, East Wallhouses, Heddon), kisha nenda mbele kuelekea magharibi (Gilsland, Walton).
3. Miji iache mwisho.

Anza miezi mitano au sita kabla. Nyumba nyingine hazipendi mgeni wa usiku mmoja. Ndiyo sababu nyingine ya kulala mara mbili mahali pamoja, kama utakavyoona kwenye orodha. Na piga simu, usitegemee intaneti peke yake. Kwenye simu unauliza mambo matano: Kitanda viwili au kimoja? Chumba cha chini au ngazi? Naweza kukaushia nguo wapi? Jioni kuna pa kula karibu? Na kama nyumba iko mbali na njia, mnaweza kutufuata na gari? Wengi hukubali hilo la mwisho, hasa ukiuliza mapema.

Nitawaambia na hili, kwa sababu mtaliuliza. Nyumba moja niliipigia, nikataja jina langu la ukoo, nikaambiwa wamejaa. Jioni ile chumba kilikuwa bado kinatangazwa mtandaoni, tarehe zile zile. Labda ni kuchelewa kwa mtandao, labda sio. Nilipiga ya pili, na yule mama wa pili ndiye aliyekuja kumkandia mama goti kwa maji ya moto. Wekeni muda wa ziada kwenye mpango wenu kwa ajili ya simu kama ile ya kwanza. Ni sehemu ya gharama yetu.

Mizigo: kuna kampuni zinazobeba begi lako kutoka nyumba hadi nyumba kwa gari, wewe unatembea na kibegi cha mgongoni tu. Tulilipia. Zamani za misafara ya kwenda bara ungemwita pagazi. Siku hizi ni kijana na van. Ukipunguza kitu bajeti ikibana, usipunguze hiki.

Siku zetu 11

Maili ni za makadirio.

- Siku ya 1: Wallsend hadi ukingo wa mto Newcastle, maili 5. Treni ya asubuhi, kutembea mchana.
- Siku ya 2: Newcastle hadi Heddon-on-the-Wall, maili 10. Tambarare, mto pembeni.
- Siku ya 3: Heddon hadi East Wallhouses, maili 7.
- Siku ya 4: East Wallhouses hadi Chollerford, maili 8.
- Siku ya 5: Chollerford hadi ngome ya Housesteads, maili 9. Basi hadi Once Brewed, kulala.
- Siku ya 6: Basi kurudi Housesteads, kisha hadi Steel Rigg, maili 3 tu. Mchana Vindolanda. Kulala pale pale.
- Siku ya 7: Steel Rigg hadi Gilsland, maili 8.
- Siku ya 8: Gilsland hadi Walton, maili 8.
- Siku ya 9: Walton hadi Carlisle, maili 11.
- Siku ya 10: Carlisle hadi Burgh by Sands, maili 7.
- Siku ya 11: Burgh by Sands hadi Bowness, maili 8. Basi hadi Carlisle, treni nyumbani.

Siku ya 6 ndiyo kituo kikuu. Maili 3 zinaonekana mzaha, lakini ndizo zenye kupanda na kushuka kuliko zote, na kwa mwenye goti bovu kushuka ndiko kunakouma. Hapo ndipo ulipokuwa mti wa Sycamore Gap, ule uliokatwa usiku wa Septemba 2023. Mmeona picha zake. Mama hapo ndiye alikuwa mwalimu. Hatua fupi. Usisimame katikati ya mteremko. Shuka kwa upande upande, kama unaandika herufi. "Mlima usiuendee kwa hasira," alimwambia mdogo wangu, ambaye alikuwa ameshakimbia na sasa amekaa chini anahema. Fimbo za kutembelea alikuwa amezikataa nyumbani kwa kuwa "mkongojo ni wa wazee". Nikaziita bakora. Akazichukua.

Siku ya 11 ina hatari moja ya kweli. Baada ya Burgh by Sands njia inapita kando ya kinamasi cha Solway, na bahari ikijaa sana maji hufunika barabara. Waliokulia pwani wanajua: ni bamvua. Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujachagua tarehe. Na mabasi ya kutoka Bowness ni machache, kwa hiyo uanze na ratiba, kisha ndio uhesabu saa ya kuondoka.

Chakula, swala, soksi

Kifungua kinywa cha Kiingereza kina nyama ya nguruwe. Sema siku unapobuku, sio mezani: mayai, maharage, uyoga, nyanya, mkate, na kikaango kingine tafadhali. Hakuna nyumba iliyotushangaa. Watu wasiokula nyama ni wengi huku, wamezoea. Jioni baani tulikula samaki au vyakula vya mboga. Kati ya Heddon na Gilsland usitegemee maduka. Tulibeba tende, njugu, visheti na chapati za mama kwa siku tatu za mwanzo, na thermosi ya chai ya tangawizi kila siku, tunajaza kwa birika la chumbani.

Kwa wanaoswali: mwezi wa tisa ni rahisi kuliko wa sita, ambapo kaskazini kule usiku ni mfupi mno na Isha na Alfajiri zinakaribiana. Kibla kutoka huko ni kusini-mashariki. Kuhusu kupunguza na kuchanganya swala ukiwa safarini, muulize unayemwamini kabla hujatoka. Kanga moja kwenye begi ilitosha: msala, kitambaa cha kukalia, taulo, na siku moja bandeji ya goti.

Ya soksi msiyachukulie kijuujuu. Buti mpya zivaliwe wiki kadhaa kabla. Soksi za sufu, sio za pamba. Pamba ikilowa hailindi kitu, na lengelenge moja la siku ya 2 utalibeba mpaka siku ya 11. Pale Vindolanda wamefukua vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino karibu miaka 1,900 iliyopita. Kimoja ni barua ya mtu anayemjulisha mwenzake kwamba amemtumia soksi, ndala na chupi. Mama alisimama mbele ya maelezo hayo akacheka kwa sauti. "Kumbe hata hawa walikuwa wanatumiwa mizigo na ndugu!"

Mwisho, adabu za njia. Usipande juu ya ukuta. Mvua ikinyesha sana tembeeni sambamba, sio foleni, ili msichimbe mfereji juu ya magofu yaliyo chini ya udongo. Wasimamizi wanaomba watu waje kati ya Mei na Oktoba kwa sababu hiyo hiyo. Ndani ya miezi hiyo kuna pia kijitabu cha kugongwa mihuri kwenye vituo 7 njiani. Mdogo wangu alikiita pasi isiyohitaji viza, na kwa mihuri hiyo peke yake aliamka asubuhi bila kuitwa.

Je, watatuangalia?

Watawaangalia. Baani mnaweza kuwa weusi peke yenu. Mara nyingi ni macho ya sekunde mbili, halafu swali kuhusu mvua. Njiani watu wanasalimia, na mama, ambaye Leicester alishaacha kusalimia watu barabarani kwa kuwa hawaitikii, alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu. Mzee mmoja alimuuliza ametoka wapi. "Leicester." Hapana, ametoka wapi hasa? "Leicester, karibu na uwanja wa mpira. Na wewe?" Wakaishia kuongea kuhusu magoti.

Lakini jueni haki yenu ili mtembee wima. Uingereza na Wales zina takriban maili 140,000 za njia za umma. Njia hizo zinapita katikati ya mashamba ya watu binafsi, na kuzipita sio hisani ya mwenye shamba, ni sheria. Mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu, wa bluu ni ya farasi na baiskeli pia, na alama ya tunda la mwaloni ni njia ya kitaifa kama hii. Haki ya kutembea haikuja yenyewe hata kwa Waingereza: mwezi wa Aprili mwaka 1932 mamia ya vijana wa viwandani waliingia mlima wa Kinder Scout bila ruhusa, na wengine walifungwa jela kwa hilo. Siku hizi kuna vikundi vya watu kama sisi, mfano Black Girls Hike, kilichoanzishwa na Rhiane Fatinikun mwaka 2019, na Muslim Hikers cha Haroon Mota. Kama hutaki kuanza na familia, anza nao.

Na kuna sababu ya mimi kuchagua kutoka mashariki kwenda magharibi, ingawa upepo mara nyingi unakupiga usoni. Nilitaka Burgh by Sands iwe usiku wa mwisho. Kijiji kimekaa juu ya ngome ya Kirumi iliyoitwa Aballava, na kanisa lake limejengwa kwa mawe ya Warumi. Jiwe la maandishi lililopatikana Beaumont, kijiji cha jirani, linataja kikosi cha Wamori, askari kutoka Afrika Kaskazini, waliokaa hapo karne ya 3. Mwaka 2016 BBC na mwanahistoria David Olusoga waliweka kibao kijijini kuwakumbuka kama jumuiya ya kwanza ya Waafrika iliyoandikwa katika historia ya Uingereza. Kaisari Septimius Severus, aliyekuja kupigana huku mwaka 208 na kufia York mwaka 211, naye alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo.

Sio babu zetu hao, tusijidanganye. Kutoka Libya hadi Lushoto ni mbali kuliko kutoka Libya hadi Carlisle. Lakini nilipomsomea mama habari zao hakuuliza kama ni ndugu. Aliuliza: "Walikuja kwa miguu?" Nikasema sehemu kubwa, ndiyo, na meli. Akatikisa kichwa. "Basi hawa nao hawakuja likizo."

Kesho yake, maili 8 za mwisho, alitembea mbele yetu.

Kama huna siku 11

Chukua tatu. Treni hadi Hexham, fika Chollerford, tembea hadi Housesteads. Kesho yake Steel Rigg na Vindolanda. Keshokutwa Gilsland, kisha teksi uliyoipanga mapema hadi stesheni ya Haltwhistle. Huo ndio moyo wa njia, na unahitaji vitanda vya usiku mbili tatu tu.

Lakini kabla ya kitanda, kabla ya buti, fanya kazi moja wiki hii. Mpigie mama, baba, bibi au mjomba, awe Leicester, Muscat au Tanga, umuulize: ulipokuwa mdogo ulitembea kutoka wapi hadi wapi, na mlitua mzigo wapi? Andika majina ya vituo. Kama atakuruhusu, mrekodi kwa simu ututumie. Tunataka kutengeneza kipindi kizima cha njia hizo. Mama ametoa yake tayari, pamoja na ruhusa ya kuandika habari za goti lake. Ameuliza pia kama ile njia ya Scotland ina reli.